Vitabu Vyangu Bora vya Mwaka Ule

Jamani, habari hii nimeificha miaka mingi, na hata leo nikipita karibu na kile chumba cha kusomea pale Tororo nageuza uso upande wa pili, lakini mmenishika leo, basi nitasema, nanyi mcheke tu, maana mimi kuicheka kumenishinda.

Mzungu alikuwa bado anatawala, na mimi Wandera, mtoto wa mkulima wa Busia, ndiye niliyekuwa mtunza vitabu wa chumba hicho. Ikaja barua kwamba memsahib mkaguzi atafika kuchagua mtu mmoja wa kupelekwa Kampala kusomea kazi ya maktaba, akirudi awe mkubwa wa vyumba vyote vya wilaya, na kabla hajafika nibandike ukutani orodha ya vitabu nilivyovipenda kuliko vyote mwaka ule. Nafasi ile niliitaka mpaka chakula kikawa hakipiti.

Sasa sikieni ujinga. Kusoma nilisoma kweli. Nilisoma kijitabu cha kufuga kuku mara tatu (mwandishi wake alikuwa mcheshi, msinitazame hivyo), nikasoma safari za mpagazi mmoja mzee, nikasoma hadithi ya mama anayemtafuta mumewe kwenye mashamba ya mkonge, hiyo ilinitoa machozi mchana kweupe. Lakini vyote vilikuwa vya Kiswahili, vyembamba, vimechakaa, nikaona haya, nikasema memsahib ataniona mtoto. Nikaviacha, nikaandika vitabu vikubwa vya Kiingereza alivyotuachia mzee mmoja wa Kizungu aliyerudi kwao, na cha kwanza kabisa nikaweka historia ya wafalme wa Ulaya, jitabu jekundu, nene kama tofali. Hicho nilikipiga muhuri mbele nikakipandisha kabatini, basi.

Mwalimu Owori, msomaji wangu wa kila siku, akaiona orodha akataka kukiazima. Nikamwambia kiko kwa karani mmoja wa forodha, Busia. Wiki ya pili akarudi, nikamwambia karani hajamaliza, na ili asinisumbue nikaanza kumsimulia yaliyomo, mfalme huyu kamuua ndugu yake, yule kaoa dada wa adui yake, yote natunga mwenyewe palepale. Naye akawasimulia walimu wenzake, kwa hiyo siku ya memsahib chumba kilijaa watu waliokuja kunisikiliza, na baba yangu akatoka Busia na koti lake la kanisani akakaa mbele kabisa.

Memsahib akasoma orodha. "Hii ya kwanza, wewe nasoma yote?"

"Yote, memsahib. Mara mbili." (Hiyo mara mbili nani aliniomba?)

Owori akasimama kwa adabu zake. "Basi Bwana Wandera atusomee pale mfalme anapomuua ndugu yake, kama yule karani amekirudisha."

Memsahib alikuwa ameshakiona kabatini, akakichomoa akanipa. Vitabu vya zamani vya namna ile vilikuja kurasa zimeshikana ukingoni, na kazi ya kwanza ya mtunza vitabu ni kuzikata kwa kisu, la sivyo hakuna anayeweza kusoma. Mimi sikuwa nimekata hata moja. Nikafungua mwanzo, hapafunguki. Nikaenda katikati, pamefungana. Nikachungulia ndani ya mkunjo kama mtu anayetafuta yai mvunguni, nikavuta, karatasi ikachanika na chumba kizima kikasikia.

Baba, ambaye hajui kusoma, akaniuliza kwa sauti, "Wandera, hiyo kitabu iko na shida gani? Si umpe mwalimu akusaidie?"

Watu wakaangua kicheko. Memsahib hakucheka, alikichukua, akapitisha kidole ukingoni, akasema polepole, "Hii hakuna mtu nasoma." Kisha akamgeukia Owori akamuuliza yeye alisoma nini mwaka ule. Owori akataja kuku, mpagazi na yule mama wa mkonge, vitabu vilevile nilivyomchagulia mimi kwa mkono wangu, akaieleza habari ya yule mama vizuri mpaka memsahib akakaa chini kumsikiliza. Hata akasema ni mimi niliyempa. Memsahib akaandika jina lake.

Nikamsindikiza baba hadi kwenye lori la Busia, na akiwa amekwisha panda ndipo akauliza, "Sasa na wewe vile vya mwalimu hukuvisoma?" Nikamwambia nilivisoma, baba. Lori likaondoka.

Owori alirudi kutoka Kampala akiwa mkubwa wangu, mtu mpole, hakunikumbusha hata siku moja, na upole huo uliniuma kuliko matusi. Niliapa kwamba mtu akiniuliza tena nimesoma nini nitamtajia cha kweli, hata kiwe cha kuku. Kiapo nimekishika, lakini mpaka nastaafu hakuna aliyeniuliza tena.