Epifania na Mlima wa Thelathini

Ilikuwa mwaka 2020. Hapana, nimekosea, mwaka huo nilikuwa bado Mwimbi na mizinga yangu ya nyuki, na nyuki wenyewe walikuwa wakali kweli. Ni 2022, nilipohamia Laela, na debe langu la kwanza la mahindi nikampelekea Epifania anisagie.

Epifania ana mashine ya kusaga karibu na stendi. Ni mwanamke mcheshi, unga mpaka kwenye nyusi. Mahindi yakishaingia mashineni, yeye hukaa juu ya gunia na kufungua gemu kwenye simu. Unaendesha lori la mizigo, unapanda milima thelathini, na kila mlima una dakika zake. Ukichelewa kwenye ule wa mwisho, unarudishwa wa kwanza. Wengine hukasirika. Epifania husema, "Afadhali, nilikuwa nimeshaukumbuka ule wa kwanza."

Mumewe Tadei, mnunuzi wa mahindi, si mtu wa namna hiyo. Gemu akilimaliza, analifuta siku hiyohiyo, wala halitaji tena. Msimu ule simu yao ilijaa, na Tadei alitaka nafasi ya picha za mahindi awatumie wateja wa Tunduma. Wakapatana: siku Epifania atakapoumaliza mlima wa thelathini, gemu linafutwa. Kabla ya hapo, hakuna wa kuligusa.

Siku alipoufikia mlima huo nilikuwepo, nimefuata pumba za kuku. Tulimzunguka watu sita, na Tadei mwenyewe aliacha mizani yake. Lori linapanda, magunia yanayumba, kilele kile pale. Na pembeni mwa barabara, kama kwenye kila mlima, amesimama bibi wa kuchorwa, kapu kichwani.

Epifania akafunga breki. Akapiga honi taratibu. "Shikamoo, mama."

"Mama Monika!" Tadei akapiga kelele. "Hiyo ni picha!"

"Picha ya mtu mzima. Nimpite hivihivi kama sina kwetu?"

"Lingekuwa lori la kweli la samaki, wote wangeozea njiani kwa shikamoo zako!"

"Basi shukuru nimepakia mahindi, baba Monika."

Dakika zikaisha. Lori likarudi mlima wa kwanza, nasi tukacheka mpaka mashine ikabaki inasaga hewa. Tadei akatikisa kichwa, akachukua simu, akaanza kufuta picha za harusi ya shemeji yake, moja baada ya nyingine. Gemu akaliacha.

Tangu hapo, kila nikienda kusaga, nasubiri wateja wapungue, ninamwinamia na kumwuliza, naye hunijazia pumba za bure huku akitazama pembeni. Swali langu ni lilelile: binti yangu, siku ile ulisimama kwa heshima, au ulikuwa hutaki kufika?