Kaka Aliweka Kilio cha Mama Kwenye Albamu ya Tatu

Admin, nifichie jina tu, mengine yaache yalivyo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, naishi kisiwa cha Nosy Be, Madagaska. Kwetu ni mtaa wa Mahabibo, mjini Mahajanga, na nyumbani tunazungumza Kimalagasi na Kikomoro. Kiswahili nilikisomea Zanzibar. Nawaandikia ninyi kwa sababu kwetu hakuna atakayeisoma hii, na nina kinyaa ambacho siwezi kumwambia mtu uso kwa uso.

Kaka yangu ana bendi ya gothic metal. Ndiyo, mtoto wa Kiislamu wa Mahabibo, magita ya kunguruma, makoti meusi kwenye joto la Mahajanga. Watu walicheka mpaka wakachoka. Wana albamu tano za studio, na shabiki wao nambari moja ni mimi. Nyimbo zote nakutajia kwa mpangilio. Niliyoipenda kuliko zote ni albamu ya tatu, hasa wimbo wa mwisho. Magita yakinyamaza, kunabaki kitu kama upepo uliofungiwa chumbani, kinapanda na kushuka. Kila nikiwa na huzuni nilijifungia na wimbo huo.

Miaka yote nilisikiliza MP3 kwenye simu. Mwezi uliopita kaka akanitumia albamu zote upya katika FLAC, yale mafaili mazito ambayo hayapunguzi chochote cha sauti. Nikanunua hedifoni za maana. Jamani, raha yake. Unamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno, unasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Albamu mbili za kwanza nilizisikiliza bila kuinuka.

Nikafika ule wimbo. Ule upepo si upepo. Ni mama yangu, analia. Anamwita baba kwa lile jina lao la chumbani, ambalo sisi watoto tulijifanya hatulijui. Kisha nikaisikia sauti yangu mwenyewe, kwa mbali, nikisema, "Mama, kunywa maji kidogo." Nikavua hedifoni, nikazifungia kabatini.

Baba alifariki miaka tisa iliyopita. Mama alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, na hata sauti yake hakutaka wanaume wa nje waisikie. Mwanamume pekee aliyeingia chumbani wakati wowote ni kaka, kwa kuwa ni mwanawe wa kumzaa. Alikuwa akija kumkanda miguu. Majirani walimsifu, nami nilimsifu. Kumbe simu iko mfukoni, inarekodi.

Nilimpigia. Hata hakukana.

"Kilio cha kweli hakiigizwi," akasema. "Na wewe ndiye uliyeniambia wimbo ule ni bora kuliko zote."

"Sikujua ni Mama, Zoky." Zoky kwetu ni kaka mkubwa, nilimwita hivyo kwa mazoea tu, heshima yenyewe ilishakwisha.

"Sasa umejua. Mbona wimbo ni uleule?"

Namchukia kwa jibu lile, na najichukia mimi pia, maana miaka yote hiyo nilistarehe na msiba wa mama yangu. Mashabiki humuuliza ile sauti ya mzimu kaitoa wapi, naye huwajibu kwa emoji ya kucheka.

Mama hajawahi kusikiliza muziki wa kaka, alisema unamuumiza kichwa. Juzi akanipigia, ana furaha.

"Kaka yako ananiletea spika kubwa siku ya Idi, tusikilize na wageni. Anasema safari hii nitasikia kila kitu. Wewe unazijua hizo albamu, mwanangu, nianzie wapi?"

Nikamwambia aanzie ya kwanza, asiruke hata wimbo mmoja.

Nikimwambia ukweli, namvunjia imani yake kwa mwanawe wa kiume wa pekee. Nikinyamaza, ataisikia sauti yake mwenyewe akimlilia mumewe mbele ya sebule nzima. Idi imebaki wiki mbili. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini kabla Mama hajafika kwenye ya tatu?