Shingo ya Fulana ya Mama

Blanketi ni nguo ya mtu aliyekaa. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, maana kila majira ya baridi nilimwona mama yangu shambani akiinama, blanketi linamteleza, analivuta, anainama tena, linamteleza tena, mpaka analitupa juu ya mgomba na kufanya kazi akitetemeka. Shamba letu lilikuwa juu, karibu na msitu, mahali ambapo ukungu wa Mlima Meru hushuka asubuhi ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Ngozi aliyovaa mama ilimfunika kiwiliwili, lakini mikono ilikuwa wazi hadi mabegani. Na mikono ndiyo iliyofanya kazi.

Kwa hiyo Bibi wa misheni aliponitia sindano mbili za kufumia mkononi, mimi sikuona soksi. Wenzangu waliona soksi, maana ndizo tulizoanza kufundishwa. Mimi niliona fulana ya sufu yenye mikono mirefu, inayofika mpaka kwenye viganja, na mama yangu yumo ndani yake.

Bibi alikuwa mke wa mchungaji Mjerumani, na misheni yao ilikuwa nusu ya njia kati ya kwetu na boma la mjini. Sisi wasichana alitufundisha kusoma, na tukimaliza kusoma, kufuma. Kiswahili chake cha kufumia kilikuwa kifupi: "Vizuri," na "Tena," na "Fumua." Hiyo "Fumua" niliisikia mara nyingi kuliko jina langu, wala haikunivunja moyo. Nilifumua huku nikiimba. Niliwaambia wenzangu kwamba siku moja nitaufumia mlima wote fulana yake. Wakauliza mikono nitaishonea wapi. Nikasema mlima hauchumi maharage, mikono ya nini?

Aliyekuwa hacheki ni mama. Nyumbani tulisema Kiarusha, na mama tulimwita yeyo; maneno yetu nayaandika hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Yeyo," nilimwambia siku moja, "nitakufumia fulana. Ina mikono. Haitelezi."

"Mimi nabeba maji peke yangu," alijibu, "nabeba kuni peke yangu, na binti yangu anashinda kwa watu akigonganisha vijiti. Sasa sikiliza. Siku nitakapovunja hindi la kwanza, nguo yako ikiwa mwilini mwangu, utaendelea kwenda kwa huyo Bibi wako. Isipokuwepo, vijiti vyake utamrudishia."

"Na kusoma je?"

"Na kusoma. Kwani huko unakwenda kwa miguu ya nani? Si hii hii ninayoihitaji shambani?"

Mke mdogo wa baba alikuwa amekaa mlangoni akitunga shanga. Nilimwita mama mdogo, ingawa alinizidi umri kidogo tu. Kwa ulimi alituzidi wote.

"Mwache afume, mke mwenzangu," alisema. "Akishindwa, zile kamba tutafungia mbuzi."

Nilikubali masharti bila kufikiri. Nilikuwa na hakika kuliko sindano zenyewe.

Sufu aliileta baba. Yeye alikuwa ng'ambo ya mlima, Oldonyo Sambu, akiwafuata ng'ombe na majani, na huko Makaburu walikuwa na kondoo wa sufu, si kama hawa wetu wenye mikia minene na manyoya ya kuhesabika. Habari ya fulana ilipomfikia, alimpa Kaburu mmoja beberu mzima akapewa gunia la sufu. Alilibeba mwenyewe mpaka nyumbani, akalitupa katikati ya nyumba.

"Haya," alisema. "Nimebadili nyama kwa nywele. Msinifanye nichekwe."

Akanywa maziwa, akamtazama mama kidogo, akarudi kwa ng'ombe wake.

Sufu ile ilinuka! Ilikuwa na miiba, na samadi, na mafuta ya kondoo yaliyokataa kutoka hata nilipoiosha mtoni mpaka vidole vikawa vyeupe. Niliichambua, nikaianika, kisha nikaanza kuisokota. Bibi alikuwa na gurudumu la kusokotea, lakini lilikuwa moja na sisi tulikuwa wengi, basi mimi nilisokota juu ya paja, kama mama anavyosokota uzi wa kutungia shanga. Uzi wangu ulitoka na vinundu hapa na pale. Bibi aliushika, akauvuta, akasema "Vizuri" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekopesha kitu ambacho bado anakihitaji.

Nikafuma. Nilifuma nikienda, nikirudi, nikichunga ndama; ndama mmoja alinilia sehemu ya mkono wa kushoto nikaufuma upya. Urefu wa mikono niliupima kwa mama mwenyewe, kwa ugwe, akiwa anakamua mbuzi na kunifukuza kwa kiwiko. Kichwa hakunipa nafasi ya kukipima. Nikapima changu. Kichwa ni kichwa, niliwaza, na watu husema nimefanana naye mpaka kisogo. Nikaifanya shingo ya fulana iwe ya kubana vizuri ili ukungu usipate pa kuingilia. Hiyo shingo ndiyo niliyojivunia kuliko vyote. Hata Bibi hakuniambia "Fumua" pale.

Siku nilipoipeleka nyumbani mahindi yalikuwa yameanza kunyauka majani, lakini bado hayajakauka. Nilijiona nimeshinda kabla ya wakati. Nikamwamkia mama kwa kuinamisha kichwa, akanigusa utosini, nikamkunjulia fulana mbele yake. Aliipapasa. Akaingiza mikono, na mikono ikafika hasa kwenye viganja. Nikaanza kupiga makofi. Kisha akaingiza kichwa.

Hapo inafaa nieleze jambo ambalo kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa. Mwanamke wa Kiarusha aliyeolewa huvaa surutia: shaba iliyozungushwa mara nyingi ikawa duara pana kama kiganja, moja kila upande, zikining'inia kutoka masikioni kwa ukanda wa ngozi. Sisi wasichana hatuna. Na mimi nilipima kichwa cha msichana.

Kichwa cha mama kiliingia mpaka kwenye paji la uso, kikasimama. Alisukuma. Nikavuta. Shaba ikanasa katika vitanzi. Mama akabaki humo ndani, mikono juu, akizunguka kama ndama aliyeingiza kichwa kwenye kibuyu.

"Jamani!" mama mdogo alipiga kelele. "Mke mwenzangu amemezwa na kondoo!"

"Nitoe," sauti ya mama ilitoka kwenye sufu.

"Subiri kwanza niwaite majirani!"

"Nitoe, nitakupiga na wewe!"

Tulimtoa. Nywele zake zilikuwa na nyuzi, na kitanzi kimoja cha ile shingo yangu nzuri kilikuwa kimevutika mpaka kikawa kama utumbo wa kuku. Sikuhuzunika. Niliona dawa palepale, nikaitaja.

"Si neno, yeyo. Vua surutia kidogo tu, uvae, kisha nikuvalishe tena."

Mama mdogo aliacha kucheka. Alishika surutia zake mwenyewe kwa mikono miwili, kama mtu aliyesikia upepo mkali.

Mama hakunigombeza. Aliikunja fulana taratibu, mikono ndani, akanirudishia.

"Baba yako yuko nyikani na ng'ombe," alisema. "Anayevua hizi ni mjane. Unataka nimlilie mtu aliye hai?"

"Hapana, yeyo."

"Kazi yako ni nzuri. Lakini hii ni nguo ya msichana, si yangu. Na neno langu ni lilelile. Hindi la kwanza."

Niliondoka na fulana kifuani, nikikimbia mteremko wote mpaka misheni. Sikuwa ninalia, ingawa mtu akitaka kusema nililia kidogo pale penye migomba sitabishana naye. Nilichokuwa nacho zaidi ni haraka. Lazima kuwe na njia, nilijiambia. Mwenye surutia naye huona baridi.

Bibi alikuwa jikoni akikanda mkate. Nikamweleza. Aliitazama fulana, akaitazama shingo, akatikisa kichwa.

"Shingo nzuri," alisema. "Mama avue heleni. Heleni tu."

"Si heleni tu, Bibi. Baba yangu yuko mbali. Akivua ni kama anamzika."

"Desturi ya zamani," alisema, bila ukali.

Nilikuwa nimemzoea, na macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake, kwa kuwa mtu anayefuma huwa hatazami uso. Unga ulikuwa umejaa pande zote za pete yake ya ndoa. Kila siku ya mkate nilimwona akimaliza kukanda, anakaa, anaondoa ule unga kwa sindano, pole pole, pete ikiwa kidoleni.

"Na wewe, Bibi," nilimwuliza, "kwa nini huivui pete unapokanda?"

Niliuliza kwa kutaka kujua tu, maana lilikuwa limenisumbua muda mrefu. Bibi akaacha kukanda. Akaangalia kidole. Mchungaji siku zile alikuwa safarini, wiki ya pili sasa, upande wa Kilimanjaro, na barua haikuwa imefika. Alinawa mikono, akaingia chumbani, akarudi na koti lake jeusi la kufuma ambalo tulizoea kumwona nalo kanisani. Akalitandaza mezani. Lilikuwa limeachwa wazi mbele, tangu shingoni hadi chini, na vifungo vimepangwa kando. Akalifungua pande mbili kama mtu anavyofungua mlango.

"Fumua," aliniambia, akigusa kifua cha fulana yangu. Kisha akaweka kiganja nyuma ya fulana. "Kifua tu. Mgongo, hapana."

Basi nikafumua kifua chote, shingo yangu ya kujivunia ikiwa ya kwanza. Vitanzi vilikimbia kimoja baada ya kingine, na mimi nikazungusha uzi. Nilipaswa kukifuma upya katika vipande viwili vyembamba, cha kulia na cha kushoto, visivyokutana.

Nyumbani mama alikuwa na kazi yake ya kila asubuhi. Alikuwa akienda shambani, anamenya hindi moja lililo bado kwenye bua, anabonyeza punje kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama, hindi bado. Nilikuwa nikisimama nyuma yake nikifuma na kunyoosha shingo. Alama ikionekana, nilipumua. Jua lilikuwa kali mchana zile siku, kwa makusudi kabisa.

"Mama mdogo," nilinong'ona, "yeyo akinituma maji leo sitamaliza."

"Maji nitakwenda mimi. Lakini utanifumia na mimi."

"Nitakufumia."

"Yenye mlango mbele kama hiyo. Mimi sitaki kumezwa."

Akachukua kibuyu changu akaenda, na aliporudi alikaa kunikatia vikanda vya ngozi laini, akavifunga vitanzi vya kushikizia pamoja na shanga nyekundu kubwa mahali pa vifungo. Alisema shanga zile ni za kuazima. Hajazidai mpaka leo.

Asubuhi moja mama alibonyeza punje, akabonyeza tena. Akanionyesha. Ukucha haukuacha kitu.

"Yamekauka," alisema, akaweka kapu mgongoni.

Kipande cha kulia kilikuwa kimeshonwa. Cha kushoto kilikuwa kimeshikizwa begani tu; ubavu wote ulikuwa wazi. Mama akatangulia kwenye njia ya juu, ukungu ukamfunika mpaka kiunoni, nami nikamfuata nikishona na kutembea, nikijikwaa kwenye mizizi, sindano ikinichoma. Mama mdogo alikuwa nyuma yangu akinisukuma.

"Shona! Usitazame njia, njia nitakutazamia mimi. Jiwe! Haya, shona!"

Tulipofika, mama alikuwa ameshasimama kwenye mstari wa kwanza, kapu chini, mkono umeshika hindi. Nilikata uzi kwa meno.

"Simama, yeyo!"

Hakuuondoa mkono kwenye hindi, lakini hakulivunja. Nilimvalisha ule mkono wa pili kwanza. Ikabidi aliachie hindi ili nimvalishe ule uliolishika, akaliachia. Nikaileta fulana mgongoni, nikazunguka mbele, nikafunga shanga moja moja kutoka chini. Hakuna kitu kilichopita kichwani. Surutia zilikaa juu ya sufu, pande zote mbili za kifua, zimetulia, hata zikaonekana kama zimepata mto wa kulalia.

Mama akanyoosha mikono mbele. Akaiinua juu. Akainama mpaka chini kabisa, kama anayetafuta kitu, akakaa hivyo. Hakuna kilichoteleza. Akainuka, akashika lile hindi, akalizungusha, likavunjika kwa mlio mkavu, akalitupa kapuni. La pili. La tatu. Alikwenda mstari mzima hivyo, akiburuta kapu, bila kugeuka, nami nikasimama na sindano mdomoni nisijue kama nicheke au nimsaidie. Nikachukua kapu alilokuja nalo mama mdogo nimfuate.

"Weka chini hilo," alisema kutoka kwenye ukungu.

"Nikusaidie, yeyo."

"Nani amekuomba? Jua limepanda, Bibi wako anakungoja." Akavunja hindi jingine. "Na pita pembeni. Usinikanyagie maharage."