Njia Isiyo na Akiba ya Mshono

Fundi cherehani wa mtaa wa chini, waliyembandika jina la Mama Futi, hana kitu asichopima. Ukiingia kwake kusalimia tu, kiuno chako anakijua kabla salamu haijaisha.

Ni yeye aliyeanzisha vita vya kukisafisha kijito kinachopita nyuma ya nyumba za mtaa. Nyumba zote zilikuwa zimekipa mgongo: mbele mapazia, nyuma nepi na matairi. Siku moja akahamishia cherehani chake mlango wa nyuma, na kila aliyekuja na ndoo ya taka akakutana na mdomo wake. "Mwaga, dada, mwaga! Jioni nakurudishia mlangoni kwako." Majirani wakachoka kusutwa, wakashika mafyekeo na reki. Maji yakaonekana, miti ikapandwa, njia ya kutembelea ikachongwa ukingoni.

Palibaki kwa shemeji yake tu, mchomeleaji vyuma, mume wa mdogo wake. Uzio wa karakana yake uligusa maji. Mama Futi akapima, akamwonyesha pa kuurudisha, naye akaurudisha bila ubishi.

Hamu ya Mama Futi ilikuwa moja: mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemgomea, afike kwa kiti chake cha magurudumu kwenye yale mawe aliyokuwa akifulia usichanani.

Siku ya kufungua njia, mtaa mzima ulifuata kiti. Kufika karakanani, kwaa! Kimekwama kati ya uzio na ukingo.

"Shemeji," mchomeleaji akasema, miwani kichwani, "uliomba hivi, nikakupa hivi. Umekata nguo bila kuacha akiba ya mshono!"

Watu wakavunjika mbavu. Kweli, alikuwa amejipima yeye akipita, kiti hakukipima. Na huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kufumua nguo bila kumlaumu mteja.

"Nimekosea, shemeji. Nifumulie."

"Rudia, sijasikia."

"We mkwe," mama akadakia kitini, "mimi nazeekea hapa!"

Mashine ya kukatia vyuma ikalia. Uzio ukarudi nyuma, tena kupita alivyoombwa. Mama akafika kwenye mawe, akavuliwa kandambili, akatia miguu majini, akawa anacheka peke yake.

Siku hizi mchomeleaji ameweka benchi la chuma pale, na anawasimulia wapita njia utadhani kijito alikichimba yeye. Mama Futi anamwacha aseme. Akiwa kwenye cherehani anawaona watoto wakikimbizana, wazee wakijinyoosha, wapenzi wakijifanya wanaangalia ndege, na kifua kinamjaa. Ila ukimtania habari za vipimo, nguo yako itachelewa.