Safari ya Kuichagulia Boti ya Kipungani Chaja

Kilichonitoa Kipungani safari ile ni tumbo la binti yangu Mwanaisha. Lilikuwa limeingia mwezi wa nane, na uzazi wake wa kwanza mtoto alitufia njiani kwenda hospitali ya Amu, ndio mji wa Lamu, kwa kuwa betri ya boti ilikufa na injini ikanyamaza katikati ya maji. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, boti ya injini kijijini kwetu ilikuwa moja tu, ya shemeji yangu Bakari, na injini yake ya petroli bila betri haiwaki hata uisomee nini. Kuijaza betri umeme mpaka ipelekwe Amu, kwenye duka lenye jenereta. Fikirini: boti imelala pwani, betri yake imepanda punda! Basi wanawake wakauza mikeka, wanaume wakatoa walichonacho, tukaambiwa mimi na Bakari twende Mombasa tukachague chaja ya kukaa humo humo botini.

Tulivuka hadi Mokowe, upande wa bara, tukapanda basi asubuhi, Bakari kaipakata betri ndani ya kikapu ili fundi aione. Hatujafika Witu, mimi nasinzia, nasikia anaruka. Tindikali imetoboa kikapu, imetoboa na kikoi. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akamwambia, "Bwana, huyo kuku wako mbona akudonoa?" Basi zima likacheka mpaka dereva.

Garsen ndipo nilipostaajabu mara ya kwanza. Mimi nimezaliwa na maji, lakini basi zima kusimama juu ya feri, watu wakaivuta kwa kamba mpaka ng'ambo ya mto, sikuwa nimeliona. Nilishika kamba nami nikavuta, ili nikirudi niseme nilivusha basi. Na nimesema sana.

Mombasa tulielekezwa kwa fundi mmoja Mkamba, Mutiso, mtu wa bara mwenye kicheko kikubwa. Dukani kwake nikaona sanduku la kijivu linang'aa, lina kioo na mshale ndani. Bakari akalishika kama ashikaye mtoto.

"Hili hujaza betri ukiwa umelala," Mutiso akasema. "Unalichomeka kwa umeme wa ukutani tu. Kwenu ukutani kuna nini?"

"Kwetu ukutani mna mjusi," nikamjibu.

Bakari hakuliachilia. "Tutalipeleka Amu, shemeji, kwa mwenye jenereta."

"Na Mwanaisha tumwambie asubiri punda arudi?" nikamwuliza. Hapo akaliweka chini, shingo upande.

Mutiso akatutolea dinamo, chuma cheusi kisicho sura, na kisanduku kidogo cha kuuzuia umeme usizidi, nacho kina mshale wake. Hii, akasema, hufungwa kwenye injini kwa ukanda wa mpira. Injini ikizunguka nayo huzunguka, betri ikajaa mnakwenda.

"Ngoja, Bwana Fundi," Bakari akasema. "Betri yaiwasha injini, na injini yailisha betri? Yaani mgeni ndiye apikae?"

Mutiso akacheka. Aliwasha injini iliyokuwa juu ya meza, taa iliyofungwa nayo, iliyokuwa imefifia, ikaanza kukolea, mshale ukainuka polepole kama mtu anyanyukaye kuswali. Subhanallah! Chuo cha Kurani sikuvuka juzuu chache, sina maneno ya kitu kile. Moto usioonekana unatoka kwenye mzunguko, unapita kwenye uzi, unaingia ndani ya betri unakaa, unangoja kuitwa.

Kisha akafungua vizibo vya betri yetu, akakunja uso. "Hii mnaongeza maji gani?"

"Mai ya Shela!" Bakari akasema kwa fahari. Kweli, sisi wenyewe tukinywa ya kisima chetu ya chumvichumvi, lakini betri tukiiletea maji ya visima vya Shela, matamu kuliko yote, kama mgeni wa heshima.

"Mmeiua kwa heshima," Mutiso akasema. "Ya kisima yote yana chumvi, hata yakiwa matamu. Nunueni maji ya betri, na yakiwaishia, kingeni ya mvua kwa chombo safi, yasiguse bati." Betri ile haikufaa tena, tukachukua nyingine pamoja na dinamo.

Tuliporudi Kipungani, Bakari aliifunga dinamo kama alivyofundishwa, na kijiji kizima kikapanga mstari kutazama mshale ukipanda. Wazee waliomba injini izimwe na kuwashwa, wauone tena.

Kisha siku ya Mwanaisha ikafika, uchungu ukamshika baada ya sala ya adhuhuri. Tulimpakia akiwa anauma kanga. Mke wangu akaanza dua ndefu ya kuiombea injini iwake, na hajafika katikati imekwisha kunguruma. Nikamwona anasita, hajui aikatize au vipi. Akaimalizia kwa kushukuru. Njia nzima mimi macho kwenye mshale, na mshale haukuanguka.

Nilichojifunza ni kwamba kizuri cha kuchagua si kile kinachong'aa dukani, ni kile kitakachokuwa nawe kwenye maji. Mengine sikuyaelewa, na mpaka leo siyaelewi. Ila Amu tulifika jua lingali juu, Mwanaisha akapanda ngazi za gatini kwa miguu yake, na kabla ya magharibi nikasikia kilio cha mtoto upande wa pili wa mlango wa hospitali.