Uso wa Mama kwa Herufi

Usiku ule usingizi ulinichukua nikiwa bado nimevaa miwani, kompyuta ikiwa wazi kando ya mto. Wiki nzima nilikuwa nahangaika na picha ya harusi ya mama, naiingiza kwenye programu inayogeuza picha kuwa herufi: M na W penye kivuli, nukta penye mwanga. Kila nikiichapisha nauona uso wa mtu nisiyemjua. Naichana, naanza upya.

Kazi hiyo baba aliifanya kwa taipureta. Alikuwa karani wa ofisi ya wilaya huko kwetu Njombe, na jioni, akimaliza barua za watu, alichora sura kwa herufi tupu, mstari kwa mstari. Sura ya mama ilimchukua miezi. Siku ya tatu baada ya kumzika baba nilisafisha chumba chake, nikachoma makaratasi yote, na picha ile ikaungua humo. Mama hakunifokea. Alisema tu, "Sasa nimefiwa mara mbili." Huu ni mwaka wa tatu sijakanyaga kwake. Nilijiambia nitakwenda siku nitakapokuwa na picha nyingine mkononi.

Basi nikamwona baba. Amekaa ofisini na sweta lake la kijivu, anachapa, na kila herufi inanigonga kifuani. Natazama karatasi yake: nyeupe. Anazidi kuchapa. Kuta zinaondoka, sasa tuko jikoni kwa mama, taipureta iko mezani katikati ya masufuria, nami nimeshika ile picha yangu ya kompyuta. Herufi zinaanza kudondoka kama mchele. Nainama, naziokota, nazirudisha, zinadondoka tena.

Baba anaichukua karatasi. "Huyu nani?"

"Mama."

"Huyu ni bibi harusi. Mama yako ana mvi sasa. Umeziona?"

Mara tuko uani, mbele ya moto, na kiberiti kiko mkononi mwangu. Baba hanitazami mimi, anatazama moto.

"Ile yangu uliiona kabla hujaitupa humu?"

Nataka kusema hapana. Mdomo unajaa herufi za chuma, baridi, natema na haziishi.

"Usinijibu mimi," akasema. "Kamwambie mwenyewe. Mambo ya picha acha."

Nikazinduka, vidole bado vinagonga shuka. Kulikuwa kumepambazuka. Nikapiga simu kabla hata sijanawa uso, maana nilijijua, nikinawa nitaghairi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Mama, ile picha niliiona. Nilijua ni wewe. Niliitupa motoni kwa sababu baba hakuwahi kunichora mimi."

Nikasikia akivuta kiti, akikaa. Nikadhani atakata simu. Nikasema nisamehe, nikalisema tena.

"Nani amekutuma uniambie?" aliuliza mwishowe.

"Baba. Nimemwota."

Akashusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Haya. Sasa njoo uniambie hayo nikikutazama."