Mvuke Uliomwita Jelagat

Mimi na Jelagat tunafagia ofisi za kituo cha umeme wa mvuke huku Olkaria. Kila mara mabomba ya mvuke yalipovuma, mkojo ulimbana, akakimbia. Alipozaliwa, kwa desturi yao, wanawake walitaja majina ya marehemu mpaka akapiga chafya kwa jina la nyanyake, ishara kwamba roho yake imemrudia. Basi akaamini nyanya anamwita kupitia mvuke. Ili asikimbiekimbie chooni, akaacha kunywa maji, akabaki na chai. Upuzi mtupu! Akazidiwa.

Daktari wa Nakuru alimweleza kwamba kibofu chake hujikaza kabla hakijajaa: anywe maji, apunguze chai, akaze misuli ya kuzuia mkojo, asubiri kidogo kabla ya kwenda chooni.

Miezi mitatu baadaye, tukausikia mvuke ukivuma. Jelagat akasimama, akakaza, haja ikapita. Tukapiga vigelegele.

Fundi akatushangaa. "Akina mathe, mnashangilia nini?" Nikamweleza kwamba mvuke umevuma na Jelagat hakukimbia. "Mvuke gani? Mabomba tumefunga tangu asubuhi."